Msasani: Nyumba Ziliuzwa, Pwani Je?

Kila ukuta mpya unapopanda kando ya bahari katika rasi ya Msasani, jijini Dar es Salaam, mabishano ya zamani huanza upya. Kuna wanaosema wavuvi wameporwa kijiji chao. Wengine hujibu kwamba waliuza wenyewe, fedha wakahesabu, sasa malalamiko ya nini? Wapo wanaomtupia lawama mpima ardhi, na wapo wanaosema samaki ndio waliohama kwanza, watu wakafuata. Jina wanalotaja ni moja, Msasani, lakini huyu anazungumzia nyumba, yule kiwanja, mwingine ufukwe, na mwingine bahari yenyewe.

Si ajabu watu wakipishana. Kata ya Msasani ina sura zaidi ya moja. Ndani yake kuna Masaki na Oysterbay, maeneo ya mabalozi, hoteli, shule za kimataifa na nyumba ambazo kodi zake kwa miaka mingi zilitajwa kwa dola. Ndani ya kata hiyohiyo kuna Makangira, Mikoroshini na Bonde la Mpunga, zenye nyumba za Kiswahili za vyumba sita, vichochoro visivyopitisha gari, na ukielekea majini, ngalawa zilizovutwa mchangani. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo mfupi wa bodaboda.

Kijiji kilichoachwa nje ya ramani

Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, pwani hii ilikuwa na vijiji vya Washomvi na Wazaramo: Mzizima, Msasani, Kunduchi na vinginevyo. Watu walivua, walipanda minazi, na mabondeni walilima mpunga. Wajerumani walipohamishia makao makuu ya koloni Dar es Salaam mwaka 1891, Msasani ilibaki mbali na mji, ng'ambo ya mkono wa bahari unaopokea maji ya Mto Msimbazi.

Umbali huo ulifutwa na daraja. Karibu na mwaka 1930 utawala wa Kiingereza ulijenga Daraja la Selander, na Oysterbay ikafunguliwa kwa ajili ya makazi ya maofisa wa kizungu. Kanuni za ujenzi za wakati ule ziligawa mji kwa aina ya majengo, na kwa kufanya hivyo ziligawa watu kwa rangi: uzunguni, uhindini, uswahilini. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa, barabara zenye miti na upepo wa bahari. Msasani kijijini hapakupimwa.

Hapo ndipo penye fundo la habari yote. Kuachwa bila kupimwa kulikinusuru kijiji kisivunjwe, na papo hapo kukakinyima karatasi. Familia ziliendelea kukaa kwa haki ya asili, kila mtu akijua mpaka wa jirani yake kwa mnazi au kaburi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa ya umma chini ya mamlaka ya gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalitambua ukaaji wa asili, ila hayakuupa nguvu ya hati.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, nyumba za uzunguni zilipata wakazi wapya, maofisa wa Kiafrika wa serikali changa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa na nyumba Msasani. Hata hivyo kijiji hakikuvamiwa mara moja, na sababu ni ya kisiasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo makubwa ya kupangisha. Nani angehangaika kununua kibanda cha mvuvi ili ajenge ghorofa la biashara, wakati biashara ya ghorofa ndiyo iliyokuwa imepigwa marufuku?

Breki hiyo ililegezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya uchumi wa soko. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likaondoa marufuku kwa viongozi. Mashirika ya misaada, kampuni za madini na balozi zikaja na wafanyakazi waliotaka nyumba karibu na bahari, zenye uzio na jenereta. Shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11 Dar es Salaam, liliongeza kiu ya viwanja vikubwa na kuta ndefu. Ubalozi mpya ulijengwa Msasani, kando ya Barabara ya Bagamoyo ya zamani. Mahali palipokuwa karakana ya kutengenezea boti pakageuzwa kuwa maduka, mikahawa na hoteli, jina la Slipway likabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikauza nyumba zake nyingi, zikiwemo za Oysterbay, kwa watumishi wake. Mwaka 2022 Daraja la Tanzanite likaunganisha upande wa hospitali ya Aga Khan na Coco Beach kwa kupita juu ya maji, na rasi ikazidi kusogea mjini.

Wakati huo jiji lenyewe lilikuwa limevimba. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3.

"Waliuza wenyewe"

Hoja ya kwanza ni ya soko, na hupuuzwa haraka mno na watu wanaowahurumia wavuvi. Wenyeji wengi wa Msasani hawakufukuzwa na tingatinga. Dalali alibisha hodi, bei ikajadiliwa, mkataba ukaandikwa mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na muuzaji akaenda kujenga Tegeta, Bunju au Mbagala, mara nyingi nyumba kubwa kuliko aliyoiacha. Wapo waliosomesha watoto kwa fedha hizo. Kuwaita wote wahanga ni kuwanyima akili yao wenyewe.

Hoja hii ina nguvu nyingine. Katika baadhi ya miji mikubwa ya ng'ambo, mkazi maskini huondolewa na kodi ya jengo inayopanda pamoja na thamani ya mtaa. Tanzania haikuwa hivyo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa kiwango kisichofuata thamani ya nyumba. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 12,000 kwa mwaka. Nyumba ya Kiswahili kijijini na bangalo la Masaki lenye bwawa la kuogelea, mradi yote hayana ghorofa, yako kundi moja. Aliyetaka kubaki hakusukumwa na kodi hiyo.

Udhaifu wa hoja ya soko unaonekana pale inapoulizwa: "wenyewe" ni akina nani? Nyumba za kijiji hiki ni za urithi, na wengi wa wenyeji ni Waislamu. Mzee akifariki na kuacha watoto, mjane wake hupata thumuni, yaani moja ya nane, na mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la kaka yake. Vyumba sita havigawanyiki kwa warithi kumi na mmoja. Kadiri bei ya kiwanja inavyopanda ndivyo mrithi anayeishi Temeke, Tanga au Muscat anavyoona busara ya kuuza. Anayelala ndani ya nyumba, mara nyingi mjane huyo au binti aliyerudi baada ya talaka, ndiye mwenye fungu dogo na sauti ndogo. Kwa hiyo familia ikiuza kwa hiari, si lazima kila aliyemo ndani awe ameuza kwa hiari. Mgawanyo ni halali na unafuata dini yao. Thamani ya ardhi ndiyo iliyougeuza kuwa mashine ya kuuzia nyumba.

Kuna pia suala la bei. Kiwanja kisicho na hati huuzwa kwa bei ya chini kuliko cha jirani mwenye hati, hata kama vyote vinatazama maji yaleyale. Mnunuzi akishapima na kupata hati, tofauti hiyo huwa yake.

"Waliporwa"

Wanaosema kijiji kiliporwa wana historia upande wao. Mgawanyo wa uzunguni na uswahilini haukuletwa na soko. Uliletwa na amri. Uhuru haukuifuta mantiki yake. Hati za umilikaji wa moja kwa moja zilifutwa mwaka 1963, ardhi ikabaki mali ya umma, na serikali ikawa na uwezo wa kuitwaa kwa manufaa ya umma kwa sheria ya mwaka 1967. Kwa miongo kadhaa ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina thamani ya kulipwa. Mthamini alipokuja alihesabu nyumba, mnazi na mwembe. Udongo uliobeba mnazi huo haukuwa na bei. Ni Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndizo zilizokiri kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Aliyefidiwa mwaka 1985 na aliyefidiwa mwaka 2005 hawakufidiwa kwa kipimo kimoja.

Mahakama nazo ziliongeza uzito. Ilishaamuliwa kwamba eneo likitangazwa kuwa la mipango miji na likapimwa, mkaaji wa asili anatakiwa aombe haki yake upesi. Akichelewa na kiwanja kikagawiwa mtu mwingine, yeye ndiye anayeonekana mvamizi. Mtu ambaye babu yake amezikwa uani anaweza kuamka akiwa mvamizi kwa sababu hakupanga foleni.

Lakini hoja ya uporaji ikibebwa nzima nzima inateleza. Inafaa kwa Oysterbay kuliko kwa kijiji chenyewe, ambacho hadi leo kipo. Inawafunika pia wapangaji, ambao sasa ni sehemu kubwa ya wakazi: walinzi, wapishi, yaya, mafundi na madereva wanaohudumia nyumba za Masaki, wengi wao wametoka mikoa ya bara na hawajawahi kushika nyavu. Kwa hao kijiji ni mahali pa kupata chumba cha bei wanayoiweza bila kupanda daladala mbili alfajiri. Mwenye nyumba anayewapangisha anaweza kuwa mjukuu wa mvuvi, na riziki yake leo inatoka kwenye utajiri uleule unaolaumiwa kwa kumfukuza babu yake. Mabishano ya kijiji na matajiri huwa hayana nafasi ya mtu wa namna hii.

"Wapimiwe, wapewe hati"

Msimamo wa tatu, unaopendwa na wataalamu wa mipango miji, ni urasimishaji: pima kijiji kilivyo, pitisha barabara na mifereji, toa hati au walau leseni za makazi, kama zilivyoanza kutolewa jijini katikati ya miaka ya 2000. Mkaaji mwenye karatasi anaweza kukopa, kudai fidia na kumwambia dalali hapana.

Dalali naye anapata urahisi mpya. Hati inayomlinda mwenye nyumba ndiyo hiyohiyo inayomwondolea mnunuzi wasiwasi, hivyo bei hupanda na warithi walio mbali huzidi kuhimiza mauzo. Mradi wa viwanja vya huduma wa miaka ya 1970, uliogusa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ulikusudiwa wananchi wa kipato cha chini. Mikocheni ya leo hakuna anayeitaja kuwa mtaa wa kipato cha chini. Aliyelengwa na mpango si lazima awe ndiye anayeishi ndani yake miaka arobaini baadaye.

Bonde la Mpunga linaonyesha kwa nini kukaa bila mpango nako si suluhu. Lilikuwa bonde la kulima, njia ya maji kwenda baharini. Kila mnunuzi alijaza kifusi kiwanja chake akakiinua, ukuta ukaziba mkondo, na mvua ya masika ikahamia kwa jirani aliye chini. Hakuna mnunuzi mmoja anayeweza kubebeshwa lawama yote. Jumla ya mauzo yote ndiyo iliyozamisha vyumba vya walioshindwa kuinua msingi. Upimaji wa mapema ungeacha mfereji wazi, na ungefanya hivyo kwa gharama ndogo kuliko inayohitajika sasa.

Bahari nayo ilikuwa imebadilika

Wapo wanaosema ardhi ni sababu ya pili tu. Uvuvi wa mabomu uliharibu matumbawe ya pwani ya Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, na makokoro yakakomba hadi vifaranga. Mwaka 1975 Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari, na uvuvi ukakatazwa humo. Usimamizi ulikuwa legelege kwa muda mrefu, kisha ukaimarika, na visiwa hivyo vikawa mahali pa mapumziko ya watalii wanaolipa kiingilio. Mvuvi wa ngalawa asiye na injini alibanwa pande zote mbili, karibu na pwani samaki wamepungua na mbali hawezi kufika. Kijana wake, akipima kati ya usiku wa karabai na kazi ya kuendesha bodaboda, hakuhitaji dalali wa kumshawishi.

Hoja hii ina ukweli mwingi. Kasoro yake ni kwamba Kunduchi na Mbweni, kaskazini mwa jiji, zilivua bahari ileile, kwa zana zilezile, na madiko yake, yaani mahali pa kushushia samaki, bado yana minada asubuhi. Upungufu wa samaki unaeleza kwa nini wavuvi ni wachache. Hauelezi kwa nini wachache waliobaki wanakosa mahali pa kuweka vyombo. Isitoshe, utajiri wa rasi umewaletea wateja wasiopatikana zamani. Hoteli na mikahawa hununua pweza, kamba, nguru na jodari kwa bei ambayo mama wa kukaanga vibua hawezi kuishindania. Pwani yenye samaki wachache na wanunuzi wenye fedha inaweza kumlisha mvuvi, ilimradi afike na samaki wake ufukweni.

Kilichouzwa na kisichouzika

Hoja zote nne zikiwekwa kwenye mizani, kuna jambo moja ambalo karibu zote zinaliruka. Nyumba ilikuwa na mwenyewe, hivyo ingeweza kuuzwa, vizuri au vibaya. Njia ya kwenda majini haikuwa na mwenyewe. Mchanga wa kuvutia ngalawa, uwanja wa kuanikia nyavu, kivuli cha fundi wa kuchonga mtumbwi, mahali pa mnada: hivi vilitumiwa na wote, havikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo vilitoweka bila mtu kutia sahihi. Mwenye nyumba ya mwisho kabla ya maji aliuza kiwanja. Mnunuzi akajenga ukuta hadi mpaka wa hati yake. Kichochoro kilichokatiza pale kikafa. Nani alikiuza? Hakuna.

Sheria haijanyamaza kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita hizo zimewekwa kulinda ukingo, na ni jambo jema, kwa sababu mmomonyoko umeshakula sehemu za pwani ya kaskazini mwa jiji. Lakini zinasema usijenge hapa. Hazisemi mvuvi apite wapi kufika hapa. Ufukwe ulio wazi wenye kuta mfululizo nyuma yake ni wazi kwa mwenye boti na kwa mwenye lango. Coco Beach inabaki kipande ambacho mwananchi wa kawaida anafika kwa miguu, anakula mihogo na mishikaki, anarudi nyumbani, na ndiyo maana kila mpango unaoigusa huzua kelele kubwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa upande wake, inatambua haki za njia kwa matumizi ya jamii. Zana ipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuchora njia na diko kwenye ramani kabla ya kiwanja cha kwanza cha ufukweni kupewa hati, kwa sababu baada ya hapo kila mita ya njia inabidi inunuliwe kutoka kwa mtu mwenye wakili. Gharama ya kuchora mapema nayo ipo na haifai kufichwa. Kiwanja kilichopakana na njia ya wavuvi, chenye harufu ya samaki na makelele ya alfajiri, kitashuka bei, na atakayeumia kwanza ni mwenyeji anayetaka kuuza. Huenda halmashauri ikalazimika kumfidia tofauti hiyo. Hata hivyo fidia ya namna hiyo ni nafuu kuliko kubomoa kuta baadaye na kushtakiwa kwa kila moja.

Kwa nyumba zilizokwisha kuuzwa Msasani, ni vigumu kuona faida ya kufukua mikataba ya miaka thelathini. Wauzaji wengi walitaka walichopata, na wanunuzi wa leo mara nyingi ni wa mkono wa tatu au wa nne. Kwa warithi waliobaki, linalowezekana ni dogo na la maana: mauzo ya nyumba ya familia yasipite serikali ya mtaa bila sahihi ya mtu mzima anayeishi ndani, hata kama fungu lake ni thumuni au pungufu. Kwa diko lililopo, lipimwe na liandikwe kwa jina la umma, chini ya kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, pamoja na upana wa njia ya kulifikia.

Kaskazini na ng'ambo ya Magogoni

Haraka kubwa zaidi haiko Msasani. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima sehemu za Mbweni, na tangu hapo majumba yamekuwa yakisogelea diko la wavuvi. Kunduchi iko katika njia hiyohiyo. Kigamboni, ng'ambo ya Magogoni, ilionjeshwa ubaya wa upande wa pili: mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wakazi kwa miaka wasijue kama wajenge, wauze au wasubiri fidia, huku Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, likipandisha bei za viwanja. Jirani Kenya, kuanzia Diani hadi kaskazini mwa Mombasa, malalamiko ya barabara za kufikia ufukwe zilizomezwa na viwanja binafsi yanafanana na haya kwa kiasi cha kushangaza.

Katika Mbweni bado kuna vichochoro vinavyofika majini bila kupitia geti la mtu. Kuvihesabu, kuvipima upana na kuviingiza kwenye ramani ya mipango miji ni kazi ya wapimaji wachache kwa muda mfupi, na haihitaji sheria mpya wala mkopo wa nje. Inahitaji ifanywe kabla ya madalali kufika nyumba ya mwisho.